Mgonjwa wa Nukta Nne

Nchi ya Shwarini naijua kama kiganja changu. Ndiyo maana mkiniuliza mipaka yake nitanyamaza, kwa kuwa macho yangu siku hizi hata hicho kiganja hayakioni vizuri. Lakini kisa cha Siwema na mumewe nimekipata sawasawa, na palipokuwa na tundu nimetia kiraka. Mwenye macho mazima ataona ipi nguo na kipi kiraka.

Basi huko Shwarini wana wizara ambayo kwetu haipo, tunashukuru: Wizara ya Magonjwa Yaliyokwisha. Kazi yake ni kutunza magonjwa ambayo hayapo tena, na ina magari mengi kuliko ile ya magonjwa yaliyopo, maana ugonjwa uliokwisha husafiri sana, leo kongamano, kesho semina. Ugonjwa ukishapokewa pale hupigiwa ngoma na kutangazwa redioni, na kuanzia hapo mtu akiugua anahesabiwa mchochezi.

Zamu ya ukoma ilipofika, kazi alipewa Profesa Mkadamu. Alikuwa mtu mpole, msafi wa kola, ambaye hajapata kumwona mgonjwa wa ukoma ila kwenye picha, na picha yenyewe ilikuwa na ukungu. Alijifungia katika chumba chenye kiyoyozi akatengeneza kitu alichokiita Modeli. Ukikitazama ni mstari. Ulianzia juu, walipo wagonjwa wengi, ukateremka taratibu kama maji ya mtaroni. Kila mwaka, ilisema Modeli, wagonjwa watapungua nusu.

Hesabu yote ilisimama juu ya neno "tuchukulie". Tuchukulie dawa ipo katika kila zahanati. Tuchukulie barabara zinapitika masika. Tuchukulie mwenye baka halifichi, na jirani hamcheki, na mke hafukuzwi. Zilikuwa tuchukulie nyingi mpaka zilipokwisha kuchukuliwa zote, ndani ya hesabu hakubaki Mshwarini hata mmoja. Walibaki watu wema wa nchi ambayo haijazaliwa.

Waziri Tambo aliupenda mstari ule. Aliutembeza kidole toka juu mpaka mwisho, akakunja uso.

"Profesa, mbona haugusi chini?"

"Hauwezi kugusa, Mheshimiwa. Nusu ya nusu ni robo, nusu ya robo ni thumni. Ni kama muwa: kila ukikata nusu ukala, nusu inabaki mkononi. Hesabu hii haifiki sifuri milele."

"Jubilei ya nchi ni mwaka huu," alisema Waziri. "Hiyo milele iko mwezi gani?"

Swali hilo halikuwa la kitaalamu, kwa hiyo likapelekwa bungeni. Bunge likapitisha Sheria ya Kutupa. Wilaya ambayo Modeli imeipa kuanzia nusu ya mgonjwa, hiyo nusu ipandishwe, awe mgonjwa kamili na aagiziwe dawa. Wilaya yenye chini ya nusu, kipande chake kitupwe. Wabunge walipiga meza mpaka maji yakamwagika kwenye bilauri. Hakuna aliyeuliza kipande hicho kitatupwa wapi.

Kilitupwa wilaya ya Kitopeni, kwa fundi cherehani aitwaye Ngwali, mume wa Siwema.

*

Ngwali alikuwa na mabaka mgongoni, mekundu yaliyopauka, ukiyagusa kwa unyoya hana habari. Alipoyagundua hakuficha. Alikwenda zahanati mwenyewe, akapewa pakiti ya vidonge, akaambiwa: kula kila siku, kila mwezi njoo uchukue nyingine, usikatishe, utapona kabisa. Naye akala kwa uaminifu kama mtu anayekula kiapo. Mabaka yakaanza kufifia. Siwema alikuwa ameshachagua jogoo wa kumchinja siku ya pakiti ya mwisho.

Nusu ya safari, mganga wa zahanati akamwonyesha Ngwali rafu tupu.

"Dawa haziji tena, fundi. Modeli imefika sifuri."

"Mimi je?"

"Wewe pia umefika. Hongera."

Mambo yalikwenda hivi, nanyi msicheke: zahanati huagiza dawa kwa hesabu ya wagonjwa, na hesabu ya wagonjwa hutoka kwenye Modeli. Modeli ikasema hakuna mgonjwa, dawa zikakoma. Dawa zilipokoma, watu wakaona hakuna haja ya kwenda zahanati kuaibika bure. Wizara ikapeleleza, ikaona kweli zahanati hakuna mwenye ukoma, ikashangilia: Modeli ile ina macho!

Kwa Ngwali ganzi ilishika kidole cha mwisho cha mkono wa kushoto, ikahamia cha pete. Vidole vile vikaanza kujikunja taratibu kama vya mtu anayeficha kitu kiganjani. Mkono wa kushoto wa fundi ndio unaoshika kitambaa; wa kulia unachoma tu. Ngwali alizoea kuuongoza kwa macho, kama mtu anayemwongoza ng'ombe wa jirani.

"Vipi mkono, Baba Riziki?" mkewe alimwuliza. Riziki ni binti yao, ameolewa mbali.

"Mzima. Baridi tu."

"Baridi gani na jua hili?"

"Baridi ya ndani, Mama Riziki. Mbona unanihoji kama polisi?"

Siwema hakuhoji tena. Lakini aliambiwa na mganga, kwa kunong'ona, kwamba mkono ukiwahiwa na dawa unaweza kuokoka, na ukishafunga kabisa hakuna kidonge cha kuufungua. Akachukua kanga yake akaifunga kiunoni. Akaapa kwamba dawa itapatikana hata kama iko kwenye shavu la mamba.

*

Wizarani alipokewa haraka kuliko alivyotegemea, kwa sababu Profesa Mkadamu alikuwa na hamu ya kumwona mwananchi.

"Karibu, mama. Una shida gani?"

"Mume wangu ana ukoma, Profesa. Dawa zimekatwa katikati."

Profesa aligeukia ukutani, akapekua michoro kwa huruma, kama mtu anayetafuta jina la ndugu kwenye orodha ya walionusurika. "Kitopeni... Kitopeni... Naam! Nimemwona. Mumeo yumo. Ni sifuri nukta nne."

"Ndiyo nani huyo?"

"Ndiye yeye. Ni mgonjwa, ila hajatimia. Mgonjwa kamili ana vipande kumi. Mumeo ana vinne."

Siwema alifikiri. "Hivyo vinne ni vipi? Maana mabaka yako mgongoni, na ganzi iko mkononi. Mguu mmeuhesabu?"

"Si viungo, mama. Ni kitaalamu."

"Mimi ninalala naye mzima, Profesa. Anakoroma mzima."

"Sikatai. Lakini kisheria chini ya nusu inatupwa. Angekuwa nukta tano, leo hii angepandishwa akawa mtu, na mtu huagiziwa dawa."

"Kwa hiyo mume wangu amepungukiwa na ugonjwa."

"Kidogo tu," alisema Profesa kwa kumliwaza. "Nukta moja."

"Basi nikae nisubiri augue zaidi?"

"Haitasaidia. Modeli haimwoni yeye, inaiona wilaya. Wilaya ndiyo inayougua."

"Wilaya ina vidole?"

Profesa akavua miwani, akaifuta, akaivaa. Siwema alipiga magoti pale kwenye zulia. Hakuwa mtu wa kupiga magoti. Hata siku ya posa yake alisimama.

"Profesa, mwanangu, panda basi uje umwone. Umwone kwa macho yako hayo hayo. Mkono unafunga."

"Siwezi, mama," alisema Profesa, na sauti yake ilikuwa ya kweli. "Nikimwona mmoja, nitakuwa nimependelea. Sayansi haina upendeleo." Kisha akachungulia mlangoni, akainama. "Ila nitakuambia kitu, usinitaje. Kwamabua, wilaya ya jirani yenu, wana nukta tatu. Wamekaa nayo tu, hawaitumii. Nne na tatu ni saba. Mkiungana mna mgonjwa mmoja mzima, na chenji."

*

Kwamabua ni mwendo wa asubuhi nzima kwa miguu. Siwema alimkuta mkuu wa wilaya ofisini, chini ya picha ya mstari wa Profesa iliyotiwa fremu ya dhahabu. Alieleza haja yake kwa adabu: amekuja kuazima nukta.

Mkuu wa wilaya aliinuka, akafunga vifungo vya koti.

"Mama, unajua ulichokitamka? Nukta ya Kwamabua ni mali ya watu wa Kwamabua. Tumeilinda toka Modeli ilipozaliwa. Leo nikuazime wewe nukta, kesho Kitopeni waje kuomba mto!"

"Lakini mnaitupa, Mheshimiwa. Sheria inasema itupwe."

"Kuitupa tunaitupa. Lakini tunaitupa humu humu wilayani. Kuivusha mpaka ni magendo."

"Nipe moja tu. Mtabaki na mbili."

"Nitoke nukta tatu niende mbili bila kibali? Wataniuliza nimewatibu kwa dawa gani, na mimi dawa sina!" Alipiga meza, kisha akakaa, akaonekana amechoka ghafla. "Nenda, mama. Nenda kabla sijakusikia."

Pale nje mwanamke muuza karanga, aliyekuwa ameyasikia yote kupitia dirishani, alimvuta Siwema pembeni. Nukta tatu ya Kwamabua haikuwa siri: iliishi nyuma ya nyumba ya tatu, katika chumba cha kuku wa zamani. Siwema alikwenda. Kulikuwa na dirisha dogo la mbao, na nyuma yake sauti ya msichana.

"Nani?"

"Mimi ni mtu wa Kitopeni. Mume wangu ana ugonjwa kama wako. Wanasema wewe ni nukta tatu."

"Mimi naitwa Mwanamvua."

Siwema aliona haya. "Nisamehe, Mwanamvua. Toka, twende wote wizarani. Wakituona wawili watakosa pa kututupa."

"Dada anaolewa mwezi huu. Nikitoka, posa inarudi. Upande wa bwana harusi wameambiwa nilikufa utotoni. Hata dua wameniombea. Sasa nitokee nikiwa nani?"

"Utokee ukiwa mzima."

"Mama, ukizipata hizo dawa," ile sauti ikasema, kama mtu anayeagiza chumvi dukani, "nibakizie japo kidogo. Sina haraka. Kwangu unafunga mkono mmoja tu."

Siwema alirudi njia nzima bila kusalimia mtu. Waliompita wakadhani ana kiburi.

*

Wiki ya Jubilei ilipokaribia, gari jeusi lilisimama mlangoni kwa Ngwali. Majirani waliokuwa wamehamishia nguo zao kwa fundi mwingine walitoka wote kuangalia. Siwema na mumewe walichukuliwa mpaka wizarani, wakapelekwa kwa Waziri Tambo mwenyewe, katika chumba cha makumbusho.

"Ndugu zangu," alisema Waziri, "taifa lina uhitaji. Anakuja Daktari Nyirenda, mwakilishi wa shirika la dunia linalopokea sifuri za mataifa. Bila yeye sifuri yetu haitambuliki. Sasa, anataka kumwona mgonjwa wa mwisho, aliyepona. Tumetafuta nchi nzima. Waliopona wamekataa kutajwa, na wasiopona hawapo."

"Na mume wangu?" akauliza Siwema.

"Mumeo ndiye pekee aliyejitokeza mwenyewe. Ninyi mnasumbua, lakini mnajulikana. Bwana Ngwali atapanda jukwaani, atasema amepona, vidole vinahisi vyote, basi. Akishasema amepona, nitampa dawa."

Siwema alirudia polepole. "Akisema amepona, anapewa dawa."

"Hasa."

"Na akisema anaumwa?"

"Haitakuwa na maana. Nchi hii haina dawa ya ukoma."

"Sasa hizo utakazompa zitatoka wapi?"

Waziri alinyoosha mkono. Nyuma ya kioo, juu ya kitambaa cha bluu, zilipangwa pakiti za vidonge, zile zile, zikimulikwa na taa. Kibao kidogo kilisema: *Vifaa vya Zamani*. Zilikuwa hazijafunguliwa, zingemtosha Ngwali mpaka mwisho na kubaki. Siwema alibandika kiganja kwenye kioo, na mlinzi akamwondoa kiganja kwa upole, akafuta alama.

Ngwali akacheka, cheko la mtu aliyechoka.

"Mheshimiwa, mimi nimekuwa nikisema uongo huo nyumbani miezi mingi, tena bure. Safari hii utanilipa. Nitakataaje?"

"Baba Riziki," akanong'ona Siwema. Ndipo alipojua kwamba mumewe alikuwa anajua kwamba yeye anajua.

"Nyamaza, mke wangu. Kuna kidonge pale."

*

Siku ya sherehe uwanja ulijaa. Katikati ilisimama sifuri ya saruji, ndefu kuliko mnazi, imefunikwa shuka jeupe kubwa, na mbele yake jukwaa. Wanafunzi waliimba wimbo wa kuupongeza mstari. Profesa Mkadamu alikaa safu ya mbele, anatokwa na jasho, kwa kuwa hapakuwa na kiyoyozi.

Kabla ya hotuba upepo ulivuma ukalichana shuka pindoni. Saruji ikaanza kuchungulia. Waziri akageuka huku na huko. "Fundi! Hapa hakuna fundi?"

"Fundi si huyu hapa!" akasema mtu wa itifaki, akamwonyesha Mgonjwa wa Mwisho.

Ngwali aliletewa sindano na uzi mweupe. Akachutama pale pale jukwaani, kando ya shuka, akaanza kushona pindo kwa haraka, huku hotuba zimeshaanza juu ya kichwa chake, huku watu elfu wanamtazama, huku anayakariri maneno yake kimoyomoyo. Macho ndiyo yaliyokuwa vidole vyake, na siku ile macho yalikuwa kwa Waziri.

"Wananchi!" Waziri Tambo alinguruma. "Mataifa mengine yamepambana na ukoma kwa kuutibu. Sisi tumeumaliza! Mataifa mengine yanahesabu wagonjwa. Sisi tumeihesabu hesabu yenyewe! Nani kama sisi?"

"Hakuna!" wakaitikia.

Siwema alikuwa amesimama chini, karibu kabisa na jukwaa. Yeye hakuwa anasikiliza. Alikuwa anatazama mkono wa kushoto wa mumewe. Akaona sindano inaingia kwenye pindo, inatoka, inaingia, inatoka. Kisha akaona inaingia kwenye pindo na kutokea kwenye nyama ya kidole cha pete. Ngwali akauvuta uzi mpaka mwisho kwa utaratibu wa fundi mzuri, akaingiza tena sindano pale pale, akaiacha imesimama. Tone jekundu likaota kwenye shuka, dogo kama mbegu ya mpilipili.

Siwema alifungua mdomo. Akipiga kelele, atakuwa amemwambia Waziri, na Profesa, na uwanja mzima, kwamba mume wake hahisi. Asipopiga kelele, mume wake ataendelea kushona. Akaing'ata kanga.

"Na sasa," akasema Waziri, "asimame shahidi wetu!"

Ngwali aliinuka. Mkono wa kushoto aliuacha nyuma yake, umeshikilia pindo kama alivyodhani, asije akaachia shuka likachanika tena mbele ya wageni. Kwenye kiti cha nyuma yake alikuwa ameketi Daktari Nyirenda, mwanamke mfupi mwenye miwani minene, na Siwema aliona miwani ile inateremka toka mgongoni mwa Ngwali mpaka mkononi, inatulia hapo.

"Mimi ni Ngwali, fundi wa Kitopeni," alianza. Sauti yake ilikuwa nzuri. Alizitamka zile kauli kama anakariri sala. "Nilikuwa na ukoma, nikatibiwa, nikapona. Vidole vyangu kumi vyote vinahisi. Vinahisi baridi, vinahisi moto, vinahisi hata mawazo ya mteja asiyetaka kulipa."

Watu walicheka. Waziri alicheka kuliko wote, akaanza kupiga makofi. Siwema akaona moyoni kioo cha makumbusho kinafunguka, akaona pakiti, akaona mkono wa mumewe unakunjuka kama jani, na wa Mwanamvua pia, dirishani.

"Samahani, Mheshimiwa," Daktari Nyirenda alisema, akasimama. "Nina swali moja dogo. Fundi, tafadhali usigeuke. Unasema unahisi?"

"Kabisa, Daktari."

"Vidole vyote?"

"Vyote, hata hivi vya kushoto."

"Nimefurahi sana kusikia. Sindano uliyokuwa unashonea, iko wapi?"

Ngwali akatabasamu. Swali lilikuwa rahisi. Kila fundi anajua sindano hulala wapi. Alimtazama mkewe pale chini, kama mtu anayetaka kusema, unaona, tumeshapita. Siwema akamtikisia kichwa, hapana, hapana. Ngwali hakuelewa.

"Iko kwenye kola, Daktari. Ndiyo desturi yetu. Ukimaliza unaichomeka kwenye kola, usije ukaisahau ikamchoma mtu."

"Tuonyeshe."

Kwa mkono wa kulia Ngwali akapapasa kola upande mmoja. Akapapasa mfukoni. Akarudi kwenye kola, taratibu zaidi. Makofi ya Waziri yalikuwa yamebaki peke yake uwanjani, na sasa nayo yakafa.

"Labda upande huu mwingine," akasema Ngwali, akauinua mkono wa kushoto atafute, na shuka lote likainuka nao.